Kuta za Khartoum, Ramadhani ya 2019

Jumatatu, 29 Aprili 2019. Gondar, Ethiopia

Jana ilikuwa Pasaka ya Waorthodoksi na leo mji haujaamka sawasawa. Maduka yamefungwa, barabarani ni watoto waliovaa nguo mpya. Wakala wa mabasi ya Metema, mji wa mpakani, nimemkuta, kesho alfajiri naondoka. Mama mwenye nyumba ya wageni kaniuliza kama siogopi kwenda Sudan kwenye vita.

Ninakokwenda hakuna vita. Kuna watu walioketi barabarani mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum tangu tarehe 6 Aprili. Siku hiyo waliichagua makusudi, kwani ndiyo tarehe ambayo mwaka 1985 wazazi wao walimwona Rais Jaafar Nimeiri akianguka. Tarehe 11 Rais Omar al-Bashir akaondolewa, baada ya kutawala tangu Juni 1989. Aliyetangaza habari hiyo, Awad Ibn Auf, alikuwa waziri wake wa ulinzi. Watu wakamkataa, wakabaki palepale, na kesho yake naye akaachia. Sasa yupo Abdel Fattah al-Burhan, jenerali mwingine, na wao bado wameketi.

Mimi nilisoma Khartoum, kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ambako watu wa pwani yetu tumepita wengi: wa Mombasa, Lamu, Unguja, Ngazija. Miaka yangu yote pale kuta za mji zilikuwa na chokaa, vumbi na matangazo ya biashara. Neno la siasa ukutani lilikuwa la kumtafutia mtu balaa. Tangu mwezi huu uanze, rafiki yangu wa Burri ananitumia picha kila usiku, na kila picha ina ukuta ambao jana yake haukuwa na kitu. Nataka kujua nani anachora, nani ananunua rangi, na nani anaamua ukuta upi uchorwe nini. Picha za simu hazinijibu hayo.

Jumanne, 30 Aprili. Gallabat hadi Gedaref

Mpaka tumeuvuka kwa miguu, darajani, jua la saa sita likiwa kichwani. Askari wa upande wa Sudan alipoona mhuri wangu wa zamani wa mwanafunzi alitabasamu, akaniambia kwa Kiarabu cha kwao, "Umerudi kuiona nchi mpya?" Hakusubiri jibu.

Gedaref ni mji wa mtama na ufuta. Desemba, siku ya pili tu ya maandamano, watu waliuawa hapa kwa risasi. Stendi ina foleni ya mkate inayozunguka kona, na ya benki inayozunguka kona nyingine, maana noti zimeadimika nchi nzima. Walioingia barabarani mara ya kwanza waliingia kwa sababu hizo. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011 iliondoka na robo tatu ya mafuta, fedha za kigeni zikakauka, na mwishoni mwa 2018 mkate uliokuwa pauni moja ukawa pauni tatu.

Kwenye ukuta wa ghala, karibu na mahali niliposhukia, kuna maneno yaliyofutwa kwa rangi ya kijivu, kisha yakaandikwa tena juu ya hiyo kijivu, yakafutwa, yakaandikwa. *Tasgut bas.* Utawala uanguke tu, basi. Hayo ndiyo yalikuwa madai yao yote kwa miezi minne.

Jumatano, 1 Mei. Njiani, kisha Burri

Basi la kwenda Khartoum ni mwendo wa kilomita 400 hivi, kwa kupitia Wad Madani. Mashamba ya pamba ya Gezira, mifereji, joto. Abiria wamezungumza siasa njia nzima kwa sauti ya kawaida. Miaka ile tulikuwa tukiitamka kwa mdomo uliofunikwa na mkono.

Nimefikia Burri, mtaa ulio mashariki ya mji, si mbali na makao makuu ya jeshi. Khalti, yaani mama mdogo, ndivyo ninavyomwita mama wa rafiki yangu, kanikumbatia mpaka mkoba ukaanguka. "Njoo ule kwanza, mwanangu. Mapinduzi yanaweza kungoja ful." Ful ni maharage yao. Burri haikulala tangu Desemba. Vijana wake walikuwa wakifunga njia kwa matofali na matairi, polisi wanazifungua mchana, wao wanazifunga usiku. Hapa ndipo alipopigwa risasi Dkt Babiker Abdul Hamid tarehe 17 Januari, daktari kijana aliyekuwa akitibu majeruhi.

Alhamisi, 2 Mei. Kambini

Leo kulikuwa na wito wa maandamano ya milioni, na mji mzima umemiminika. Nimeingia kambi ya walioketi na rafiki yangu, kupitia kizuizi cha upande wa Burri. Wanawake wana mstari wao na wapekuzi wao, wasichana wa miaka 20 waliovaa fulana za njano, na wanaimba huku wanakupekua: "Irfa' yadak fog, wa-t-taftish bi-z-zog." Inua mikono juu, upekuzi ni kwa adabu. Na kweli ni kwa adabu. Aliyenipekua alinivua begi, akatazama ndani, akaniomba radhi, akanirudishia, akanikaribisha. Nimepita vizuizi kama hivyo vitatu, na kila kimoja ni kamati ya mtaa tofauti.

Ndani ni mji ndani ya mji. Kuna mahema ya madaktari, ya walimu, ya wahandisi, ya watu waliotoka Darfur, Milima ya Nuba, Kassala, kila hema na bango lake. Kuna zahanati na mahali pa kuchangia damu. Kuna sanduku la kadibodi njiani, limejaa noti, na halina mlinzi. Limeandikwa: ukiwa nacho weka, huna chukua. Nimesimama pale kwa muda. Mzee mmoja aliweka, kijana mmoja alichukua nauli, hakuna aliyemtazama.

Kelele yake sijawahi kuisikia popote. Juu ya daraja la reli, pale wanapopaita Nafaq, vijana wamejipanga kwenye vyuma na kuvigonga kwa mawe usiku na mchana, kwa zamu. Ukipita chini, mlio unakuingia kifuani.

Na kuta. Zimeanzia nje ya vizuizi na hazijaisha hata nilipochoka kutembea: kuta za majengo ya serikali, za chuo kikuu, nguzo za daraja, mapipa. Ngumi zilizopakwa rangi za bendera. Midomo iliyo wazi. Treni, kwa sababu tarehe 23 Aprili treni kutoka Atbara iliingia hapa na watu wakiwa juu ya paa lake kuanzia kichwa hadi behewa la mwisho. Na wanawake, ukuta baada ya ukuta, wamevaa thobe nyeupe, shuka la kujitanda la wanawake wa Sudan, na mkono mmoja juu. Huyo ni Alaa Salah, mwanafunzi wa miaka 22 aliyepanda juu ya gari tarehe 8 Aprili akaongoza nyimbo, na Lana Haroun akampiga picha kwa simu. Picha ilizunguka dunia. Hapa imerudi ukutani, kila mchoraji na yake. Kuna ambaye kampa hereni za dhahabu kubwa kuliko uso, na mwingine kamchora bila uso kabisa, ili awe yeyote.

Jumamosi, 4 Mei

Siku nzima nimekaa na kikundi kimoja cha wachoraji, na hapa nataka kueleza kwa kirefu, maana ndilo nililokuja kuliona.

Ukuta wao ni wa boma la jengo moja karibu na reli, urefu kama wa basi mbili. Msichana anayeongoza anasoma sanaa kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Sudan. Wengine saba hawajasoma sanaa popote: fundi wa simu, mwalimu wa hesabu, watoto wawili wa shule ya sekondari, waliobaki sijawauliza. Wameanza kwa kusugua ukuta kwa ufagio wa chelewa ili vumbi litoke, kisha wakapaka chokaa mara mbili. Kwa jua hili chokaa inakauka kabla hujamaliza kunywa chai. Baadaye yule msichana alichukua uzi uliopakwa vumbi la mkaa, wawili wakaushika huku na huku, akauvuta na kuuachia, ukabaki mstari ulionyooka. Wakafanya hivyo mpaka ukuta ukawa na miraba. Mchoro wenyewe ulikuwa kwenye karatasi ya daftari, nao una miraba kama hiyo kwa kalamu. Kila mtu akapewa miraba yake ahamishe alichokiona kwenye karatasi. Hivyo ndivyo mwalimu wa hesabu alivyochora jicho na sehemu ya pua bila kujua kuchora.

Rangi ni ya maji, ya kupakia nyumba. Wanaichanganyia kwenye madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokatwa juu. Rangi za kupulizia ni ghali na zimeadimika, kwa hiyo wanaziwekea akiba ya maandishi ya mwisho. Brashi kubwa imefungwa kwenye mpini wa jembe ili kufika juu. Mama muuza chai aliye mkabala nao amewaachia benchi lake walipandie, na kila saa anawaletea glasi na hapokei hela yao.

Nimeuliza rangi imetoka wapi. Fundi wa simu akanitolea daftari la kamati. Ukurasa wa juzi umeandikwa kwa mkono mzuri, mstari kwa mstari: barafu, sukari, mkate, turubai, rangi nyeupe, rangi buluu, panadoli, maji. Rangi iko katikati ya mkate na dawa, kwenye ukurasa uleule, kwa fedha za sanduku lilelile. Hakuna mfadhili. Nani aliamua mchoro? Kamati ilikaa barazani usiku, wakabishana. Wengine walitaka picha ya shahidi mmoja wa mtaa wao, kijana aliyeuawa, wengine walisema familia yake haijaulizwa. Wakaenda kuuliza. Mama yake akasema asichorwe kambini, achorwe nyumbani, ukuta wa mbele, watoto wa mtaa wamwone. Basi hapa kambini wanachora mikono mingi imeshika mwiko mmoja wa kukorogea.

Watu wa nje wanaozipiga picha kuta hizi huzungumza juu ya wasanii, na wasanii wapo. Alaa Satir na Galal Yousif wamechora hapa, na kazi zao zinasimamisha watu. Khalid Albaih, mchora katuni aliye ng'ambo, kazi zake zinachapwa na kubandikwa. Lakini chini ya kila ukuta niliouona kuna kamati iliyopeleka chokaa, ikashika ngazi, ikaweka mlinzi usiku. Kamati hizi za mitaa zilikuwepo kabla ya kambi. Ndizo zilizokuwa zikifunga njia za Burri, kuficha vijana, kuwatoa majeruhi kwa mlango wa nyuma. Chama cha Wanataaluma wa Sudan kilitoa ratiba ya maandamano kwenye mitandao, na kamati ndizo zilizoigeuza ratiba ikawa watu.

Jumatatu, 6 Mei. Ramadhani mosi

Joto limepita nyuzi 40 na watu wamefunga, na bado wamebaki. Nilidhani leo kambi itapungua. Alasiri familia zimeanza kuingia na sufuria vichwani. Mikeka imetandikwa katikati ya barabara, mstari mmoja usioona mwisho wake. Ful, asida na mchuzi, tende, na hilu mur, kinywaji chao chekundu cha Ramadhani kinachotengenezwa kwa mtama uliochipuzwa na viungo. Hakuna aliyeruhusiwa kupita amesimama. Mvulana aliniziba njia kwa mikono miwili: "Wallahi hupiti, khalti, kaa." Nimekaa. Kushoto kwangu alikuwa askari wa jeshi, bila silaha, anakula kwenye sinia moja na sisi.

Adhana ilipotoka, wale wa Nafaq waliacha kugonga vyuma. Baada ya swala wakaanza tena.

Alhamisi, 9 Mei. Burri na Omdurman

Nimekwenda kuona kuta za mashahidi, ambazo ni za nyumbani. Kazi hii ilianza kabla ya kambi, Bashir akiwa bado ikulu. Assil Diab, anayejulikana kwa jina la Sudalove, alikuwa akienda nyumba kwa nyumba kuchora sura za waliouawa kwenye kuta za familia zao, kwa idhini ya wazazi, usalama wa taifa wakiwa mitaani. Wakati ule kusimama mbele ya ukuta na mkebe wa rangi kwa robo saa kulitosha kukufungisha.

Nyumba moja ya Omdurman nimekaribishwa ndani. Ukuta wa mbele una sura ya kijana anayecheka, nyuma yake rangi ya machungwa. Baba yake kaniambia kuwa kila asubuhi anaufuta vumbi kwa kitambaa kibichi kabla hajafungua duka. Nimemuuliza kama mchoro unampa uchungu. Kanijibu, "Uchungu ninao ndani. Huu wa nje ni wa watu, wajue deni lipo." Akanionyesha pale chini kushoto ambapo watoto wa mtaa wameongeza majina yao kwa chaki. Hajayafuta.

Jina la mwalimu Ahmed al-Khair nimelikuta kwenye kuta nyingi. Alikamatwa mashariki ya nchi mwishoni mwa Januari na akafia mikononi mwa watu wa usalama. Walimu wa mji huu wanaliandika kwa khati nzuri, ile ya ubaoni, na chini yake hawaongezi kitu.

Jumamosi, 11 Mei. Atbara

Kilomita 300 hivi kaskazini. Baada ya Shendi, piramidi za Meroe zinaonekana dirishani, ndogo, zimechongoka, mchanga umezizunguka. Huko ndiko walikotawala malkia wa ufalme wa kale wa Kush waliokuwa na cheo cha Kandake. Kambini wasichana wanaitana *kandaka*, na nimesikia watu elfu wakiimba kwamba babu yao ni Taharqa, mfalme wa Kush, na nyanya yao kandaka. Basi zima liligeuza shingo kuzitazama piramidi, na wengi wao, kwa maneno yao, walikuwa hawajawahi kufika.

Atbara ni mji wa reli. Waingereza waliweka karakana hapa, wafanyakazi wakaunda vyama imara, na tangu hapo mji huu haujazoea kunyamaza. Tarehe 19 Desemba 2018 wanafunzi walitoka shule kwa sababu ya mkate, wazazi wakawafuata, na jioni ofisi ya chama tawala ikawaka moto. Nimeuona ukuta wake mweusi. Umeandikwa tarehe tu.

Wachoraji ni wachache hapa. Yapo maandishi zaidi, makubwa, ya brashi, mistari imenyooka kama ya kwenye mabehewa. Fundi mstaafu wa reli aliyekuwa akiandika namba za injini ndiye aliyeandika nusu ya mji. Ana mkono usiotetemeka.

Jumatatu, 13 Mei. Burri

Mchana redio ilisema wanajeshi na wawakilishi wa waandamanaji wamekubaliana juu ya muundo wa serikali ya mpito. Khalti alipika kwa furaha. Baada ya kufturu tukasikia milio. Tuliifikiria fataki kwa sekunde moja.

Wamepigwa risasi waliokuwa kwenye vizuizi vya upande wa barabara ya Mto Nili. Wamekufa waandamanaji kadhaa na meja mmoja wa jeshi aliyekuwa upande wa watu. Rafiki yangu katoka mbio na glavu za zahanati mfukoni, karudi saa nane usiku na thobe iliyobadilika rangi. Hakusema kitu, na mama yake hakumuuliza. Tumekula daku kimya.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda kwenye ukuta wa mikono na mwiko. Upo. Wale wanane wote wapo isipokuwa mmoja wa watoto wa sekondari, ambaye mama yake kamzuia, na ana haki. Wengine wamehamisha ngazi, wanaandika majina ya jana kwenye ukuta wa jirani kabla hata ya mazishi kwisha. Yule msichana alisema majina lazima yaandikwe siku ileile, kwa sababu serikali ikitoa hesabu yake watu wawe wameshaisoma ya kweli.

Alhamisi, 16 Mei

Burhan kasimamisha mazungumzo kwa saa 72 na anataka vizuizi vya nje viondolewe. Vijana wa kamati wamebishana usiku kucha chini ya daraja, mimi nikiwa nimekaa pembeni na wanawake. Kila mtu alipewa zamu ya kusema, na aliyekatiza mwenzake alinyamazishwa na wote. Nimehudhuria mikutano mingi nyumbani, ya vyama na ya mashirika, yenye viti na maikrofoni. Sijaona adabu ya mjadala kama hii ya watu waliokaa juu ya matofali.

Jumatatu, 20 Mei

Leo niliketi na wanawake kwenye ukuta ulio karibu na chuo kikuu. Wameandika kwamba wao ndio mapinduzi. Mmoja, mwenye umri wangu, kanisimulia jinsi alivyokamatwa miaka iliyopita kwa kuvaa suruali. Sheria ya utulivu wa umma ilimpa polisi ruhusa ya kuamua vazi lipi ni la aibu, na adhabu yake ilikuwa viboko. Alichapwa. Leo amevaa suruali ileile, kaitunza, imejaa madoa ya rangi nyekundu na kijani. Kanionyesha goti lilipopasuka alipokuwa amepiga magoti kuchora sehemu ya chini ya ukuta. Alivyoeleza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mimi ndiye niliyelia.

Kuna hema la watoto wa mitaani jirani yao. Watoto hawa mji uliwapita miaka yote kama hawapo, na kambini wanafundishwa kusoma. Ubao wao ni ukuta. Herufi za chaki ziko chini, kimo cha mtoto, na michoro ya watu wazima imewachiwa nafasi juu.

Jumamosi, 25 Mei. Kuondoka

Ruhusa yangu ya kazi imekwisha. Wiki ijayo kuna mgomo mkuu, tarehe 28 na 29, na uwanja wa ndege huenda usifanye kazi, kwa hiyo naondoka leo kwa kupitia Addis Ababa. Khalti kanifungia tende na dakwa, siagi yao ya karanga. Rafiki yangu kanipeleka mpaka mlangoni, akasema wana ukuta mpya wa kuanza usiku. Sikumwambia kwamba naogopa.

Jumatatu, 3 Juni. Mombasa

Ramadhani 29 kwa hesabu ya Sudan. Alfajiri simu iliita, ujumbe wa sauti wa sekunde chache, risasi na watu wanakimbia. Baada ya hapo hapakuja kitu. Mchana habari zimefika: Vikosi vya Msaada wa Haraka (RSF), wanamgambo wa serikali, na wenzao wameivamia kambi, mahema yamechomwa, watu wametupwa mtoni. Intaneti imekatwa nchi nzima. Kina mama wanaandaa Idi hapa mtaani, na mimi nimekaa barazani na simu mkononi.

Jumapili, 9 Juni

Kamati Kuu ya Madaktari wa Sudan inasema waliouawa wamepita 100, na maiti kadhaa zimetolewa Nili. Umoja wa Afrika umeisimamisha Sudan. Mitandaoni watu wamebadilisha picha zao kuwa buluu, rangi aliyoipenda Mohamed Mattar, mhandisi wa miaka 26 aliyeuawa siku ile. Walio nje ya Sudan wanaieneza. Walio ndani hawaioni.

Kwenye picha chache zilizovuka mpaka nimeitambua barabara ya kambi. Imefagiliwa. Kuta zimepakwa nyeupe.

Jumanne, 9 Julai

Intaneti imerudi kwa amri ya mahakama. Saa tatu usiku simu yangu imejaa ghafla, na rafiki yangu yuko hai. Tumezungumza mpaka betri yake ikaisha, akachomeka, tukaendelea. Yule msichana wa sanaa yuko hai. Mwalimu wa hesabu kavunjika mkono. Fundi wa simu hajulikani alipo, na kaka yake anazunguka hospitali na vyumba vya maiti kwa siku ya 36.

Nilimuuliza kuhusu tarehe 30 Juni. Dunia nzima iliona umati uliofurika siku ile, na hakuna aliyeelewa walikusanywaje bila intaneti. Kanieleza. Kamati zilirudi mitaani mwao, zikagonga milango, zikachapisha karatasi, zikatuma ujumbe mfupi kwa zile simu zilizokuwa zikifanya kazi. Na ziliandika ukutani. Kuta za kambi walizichukua wanajeshi, lakini Burri ina kuta zake, Bahri ina zake, Omdurman ina zake, na waliokuwa wakichora kambini walitoka huko. Usiku wanaandika saa na mahali pa kukutana. Asubuhi watu wanasoma wakienda kununua mkate. Gari la doria likipita na kupaka rangi, usiku wanaandika ukuta wa pili. Mama yake ndiye aliyekuwa akisimama mlangoni kuangalia njia. Nikacheka na kulia pamoja, nikimfikiria Khalti na thobe yake ya maua, amesimama gizani kulinda wachora ukuta.

Juzijuzi, tarehe 5, pande mbili zimetangaza makubaliano mapya ya kugawana madaraka. Mtaani kwao wengi hawaridhiki, wanasema haki ya waliouawa haimo. Kanitumia picha aliyoipiga leo jioni: ukuta wa shule ya msingi, chokaa mpya, maandishi mekundu ya brashi. Jumamosi tarehe 13 Julai, siku ya 40 ya waliouawa. Haki kwanza. Saa saba mchana, kituo cha basi. Na chini, kwa herufi ndogo, mkono ambao si wa aliyeandika juu: kila nyumba ije na maji.